Mtoto alipata degedege baada ya chanjo: Je, umrudishe kwa dozi ya pili?

Mama mmoja mkazi wa Mbagala alinisubiri nje ya chumba cha daktari, kadi ya kliniki mkononi na mtoto wa kiume amelala begani. Alikuwa na swali moja, na nimeona nilijibu hapa kwa sababu najua wapo wazazi wengi wenye swali hilo hilo ambao hawajapata wa kumuuliza.

“Dokta, huyu alipofikisha miezi tisa alichomwa chanjo ya surua. Siku ya nane akapata homa kali. Usiku akakakamaa, macho yakageuka juu, nikajua nimempoteza. Sasa kwenye kadi wameniandikia arudi akifikisha miezi 18. Ungekuwa wewe, ungempeleka?”

Nilimuuliza usiku ule alifanya nini. Akasema mama mkwe alimwambia hiyo ni degedege ya kawaida ya watoto, wakamkanda kwa maji, mtoto akatulia, wakalala. Hawakwenda hospitali.

“Na pale kliniki uliwaambia?”

“Hawakuniuliza, dokta. Na mimi niliogopa kuonekana napinga chanjo.”

Nilimjibu kwamba ningempeleka. Lakini nilimwambia pia kwamba kuna makosa mawili yalifanyika. La kwanza, mtoto aliyepata degedege hakupimwa. La pili, tukio lile halikuandikwa popote. Leo, mpenzi msomaji, tuzungumze kwa nini umrudishe mtoto kwa dozi zinazofuata, mambo gani utarajie baada ya sindano, na kwa nini unapaswa kusema pale jambo lisilo la kawaida linapotokea.

Kwa nini asichomwe mara moja tu?

Wazazi wengi hudhani dozi ya pili ni kurudia kilekile. Ukweli ni kwamba dozi za baadaye zina kazi tofauti kulingana na ugonjwa.

Tuanze na surua. Nchini Tanzania, mtoto huchanjwa surua na rubella akiwa na miezi tisa, kisha akiwa na miezi 18. Dozi ya miezi tisa huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Hao 15 wanaobaki walichomwa, wana alama kwenye kadi, lakini miili yao haikutengeneza kinga ya kutosha. Sababu mojawapo ni kwamba kinga aliyoirithi mtoto kwa mama yake akiwa tumboni huwa haijaisha kabisa, nayo huweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Hakuna namna ya kumtazama mtoto kwa macho ukajua yumo kati ya hao 85 au hao 15. Dozi ya pili inawapa nafasi wale waliokosa.

Kumbuka surua ni mojawapo ya magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kubwa kuliko yote. Ndiyo maana wataalamu husema watoto wasiopungua 95 kati ya kila 100 wanatakiwa kupata dozi zote mbili ili ugonjwa usipate njia ya kusambaa. Surua huleta nimonia, kuharisha, upofu, na kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya 1,000, uvimbe wa ubongo.

Pepopunda ni habari nyingine. Hapa kinga hupatikana, lakini hupungua kadiri miaka inavyokwenda, hivyo mwili unahitaji kukumbushwa. Mama mjamzito ambaye hajawahi kuchanjwa huanza na dozi ya kwanza anapofika kliniki, ya pili baada ya wiki nne au zaidi, ya tatu baada ya miezi sita, ya nne baada ya mwaka, na ya tano baada ya mwaka mwingine au katika ujauzito unaofuata. Akikamilisha tano anakuwa na kinga kwa miaka yake yote ya kuzaa, na mtoto wake huzaliwa akiwa na kinga hiyo. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya kina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii, na Kenya ikafuata baadaye. Lakini vimelea vya pepopunda haviwezi kutokomezwa, vipo kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Tukiacha kuchanja, vinarudi kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu.

Kina mama kadhaa wamewahi kuniuliza kama ni kweli chanjo hii hufunga kizazi. Hapana. Mamilioni ya wanawake wa Afrika Mashariki wamechomwa na wameendelea kuzaa. Muulize tu mwenye watoto wanne anayechomwa dozi ya tano.

Mfano wa tatu ni chanjo ya malaria. Magharibi mwa Kenya ilianza kutolewa kwa majaribio mwezi Septemba 2019, mtoto akipata dozi akiwa na miezi sita, saba, tisa, na ya nne akiwa na miezi 24. Utafiti wake mkubwa uliowahusisha watoto wapatao 15,000 katika nchi saba za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwamo, ulionyesha kwamba kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na miezi mitano hadi 17, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika miaka minne kwa waliopata dozi ya nne, na asilimia 28 kwa wasioipata. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka miwili anatembea, anakula ugali, na mama yake keshasahau njia ya kliniki.

Nisingependa udhani kwamba wataalamu huongeza dozi kila siku. Kuna mahali wamepunguza. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana ilianza ikitolewa dozi tatu, zikawa mbili. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) likasema hata moja inaweza kutosha kwa wasichana. Baadhi ya ushahidi huo ulitoka Mwanza, ambako wasichana wa miaka tisa hadi 14 walifuatiliwa baada ya kupata dozi moja, mbili au tatu.

Nini utarajie baada ya sindano

Baada ya chanjo ya mseto inayotolewa wiki ya sita, ya 10 na ya 14, homa na uvimbe pajani ni jambo la kawaida. Huanza siku hiyo hiyo na kuisha ndani ya siku moja au mbili. Mtoto anaweza kulia sana na kukataa kunyonya kwa muda.

Chanjo ya surua na rubella ina tabia tofauti. Homa yake haiji siku ya sindano. Huja kati ya siku ya tano na ya 12, wakati mwingine na vipele vichache. Mzazi asiyejua hili hashangai tu, pia hakumbuki kuihusisha na chanjo, au huihusisha wakati mtoto ana malaria.

Chanjo ya kifua kikuu inayotolewa mkono wa kulia mara baada ya kuzaliwa hutoa kipele baada ya wiki kadhaa, kikapasuka, kikawa kidonda kidogo, kisha kovu. Usikikamue, usipake dawa ya meno, usifunge. Kisafishe kwa maji safi na ukiache wazi.

Homa ikipanda, mpe mtoto dawa ya paracetamol kwa kipimo cha uzito wake kama ulivyoelekezwa na muuguzi, mvue nguo nzito, mnyonyeshe mara kwa mara. Usimpe aspirini. Na hakuna haja ya kumpa dawa kabla ya sindano eti kuzuia homa ambayo haijaja.

Na degedege je? Watoto wenye umri kati ya miezi sita na miaka mitano wanaweza kukakamaa homa inapopanda, iwe imeletwa na malaria, mafua au chanjo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kwa chanjo yenye surua, hutokea takriban mara moja katika kila dozi 3,000 hadi 4,000, zaidi katika dozi ya kwanza. Inatisha kuitazama, lakini kwa kawaida haiachi madhara ya kudumu kwenye ubongo, na yenyewe si sababu ya kumzuia mtoto kupata dozi ya pili.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Mtoto yeyote aliyepata degedege apelekwe kituo cha afya usiku huo huo na apimwe malaria. Yule mtoto wa Mbagala huenda homa yake ilikuwa ya chanjo, maana siku ya nane inalingana. Huenda pia ilikuwa malaria iliyotokea kupoa. Hatutajua kamwe, kwa sababu hakupimwa. Mzazi anayesema “ni chanjo tu” bila kupima anaweza kumpoteza mtoto kwa ugonjwa unaotibika.

Dalili nyingine zinazohitaji kukimbilia hospitali ni hizi: kupumua kwa shida, uvimbe wa uso au midomo, kulegea na kutoitika, kulia mfululizo kwa saa tatu au zaidi bila kubembelezeka, homa inayozidi siku mbili, na jipu au wekundu unaoongezeka mahali palipochomwa.

Mzio mkali wa ghafla ndio unaohofiwa zaidi na wahudumu. Ni nadra sana, takriban mara moja katika dozi milioni moja, na mara nyingi huanza ndani ya nusu saa. Ndiyo sababu unaambiwa ukae kwenye benchi dakika 15 hadi 30 kabla ya kuondoka. Si kwamba nesi anakupotezea muda. Dawa ya kutibu mzio huo iko pale kituoni, haiko kwenye daladala.

Ukisema, nani anasikia?

Baba mmoja dereva wa bodaboda aliwahi kunionyesha kovu kwenye paja la binti yake. Baada ya sindano ya wiki ya 10, paja lilivimba, likawa jipu, likapasuliwa hospitali nyingine. “Tangu siku hiyo sikumrudisha,” aliniambia. Nilipomuuliza kama alirudi kusema pale alikochanjwa, alisema, “Niende kugombana na nesi?”

Baba yule alikuwa na haki ya kukasirika. Jipu la namna ile mara nyingi halitokani na chanjo yenyewe, bali na namna ilivyochomwa au ilivyotunzwa. Lakini kukaa kimya kuliwanyima watoto wengine waliochanjwa kituo kile siku ile nafasi ya kuangaliwa. Na binti yake akabaki bila kinga ya kifaduro na dondakoo.

Wataalamu wanapopokea taarifa ya tukio baada ya chanjo huuliza maswali matano. Je, limetokana na chanjo yenyewe? Je, chanjo ilikuwa na kasoro kutoka kiwandani? Je, mhudumu alikosea? Je, ni woga wa sindano, kama wasichana wanaozimia kwenye foleni shuleni? Au ni ugonjwa mwingine uliokutana tu na siku ya chanjo? Jibu la kila swali lina hatua yake, na huwezi kufika kwenye jibu kama hakuna taarifa.

Mwaka 2017 nchini Sudan Kusini, watoto 15 walifariki katika kijiji kimoja baada ya kampeni ya chanjo ya surua. Uchunguzi ulionyesha chanjo yenyewe haikuwa na tatizo. Bomba moja la sindano lilitumika kwa siku zote nne, na chanjo haikuhifadhiwa kwenye baridi. Ni msiba mkubwa, na ni haki kila mzazi aujue, kwa sababu unaonyesha nini cha kukagua kwa macho yako: bomba jipya linalofunguliwa mbele yako, na chanjo inayotolewa kwenye chombo cha baridi.

Mfano mwingine ulihusu chanjo yenyewe. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya kuzuia kuharisha kunakoletwa na virusi vya rota, iliyoitwa RotaShield. Miezi michache baadaye, ofisi inayopokea taarifa za matukio baada ya chanjo ilianza kuona watoto wachanga ambao sehemu ya utumbo imeingia ndani ya sehemu nyingine na kuziba. Taarifa zilikuwa 15 tu. Zilitosha kusimamisha chanjo hiyo mwezi Julai 1999, na ikaondolewa sokoni mwaka huo huo. Baadaye hatari ilikadiriwa kuwa mtoto mmoja katika 10,000. Chanjo mbili zilizokuja baada yake zilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000 kila moja, hasa ili kuangalia jambo hilo. Chanjo ya matone ya rota wanayopata watoto wetu imepita katika tanuri hilo.

Chanjo ya malaria nayo ilifuatiliwa hivyo hivyo. Katika utafiti wa awali kulionekana matukio mengi zaidi ya homa ya uti wa mgongo na malaria ya kichwani kwa waliochanjwa kuliko kwa wenzao, na vifo vingi zaidi kwa watoto wa kike. Ingekuwa rahisi kulifunika jambo hilo. Badala yake Kenya, Ghana na Malawi ziliianza kwa maeneo machache, matukio hayo yakahesabiwa moja moja. Baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa, hofu hizo hazikuthibitishwa, na Oktoba 2021 WHO ikaipendekeza.

Hapa nchini, wasimamizi ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) pamoja na mpango wa chanjo wa Wizara ya Afya. Kenya kazi hiyo iko kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Mhudumu wa kituo hujaza fomu maalumu, ikapelekwa wilayani na kuendelea juu. Tukio zito, kama kulazwa au kifo, huchunguzwa mara moja. Taarifa za nchi mbalimbali hukusanywa kwenye hifadhi ya pamoja ya WHO iliyoko Uppsala, Sweden, ambako mtindo usioonekana katika wilaya moja unaweza kuonekana zikijumlishwa nchi nyingi.

Mnyororo huo wote unaanza na mzazi anayesema, “Nesi, baada ya ile sindano mwanangu alipata hivi.”

Ufanye nini wewe

Kwanza, itunze kadi ya kliniki hata baada ya mtoto kuanza kutembea. Iangalie leo. Kama nafasi ya miezi 18 iko wazi na muda umepita, mpeleke. Dozi iliyochelewa si dozi iliyopotea, na kwa kawaida haanzi upya.

Pili, kabla ya sindano, mwambie mhudumu mambo yafuatayo bila kusubiri kuulizwa: jambo lolote lililotokea dozi iliyopita, mzio alionao mtoto, dawa anazotumia, na kama ana ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili. Mtoto aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo fulani hapaswi kurudiwa chanjo hiyo bila uamuzi wa daktari. Kwa mafua madogo au kikohozi kidogo, anaweza kuchanjwa.

Tatu, uliza: “Anachomwa chanjo gani leo? Nitarajie nini, siku ya ngapi?” Nesi mzuri hatachukia swali hilo.

Nne, tukio likitokea, andika siku na saa ya sindano, siku na saa dalili zilipoanza, na zilidumu kwa muda gani. Kama una simu, piga picha ya uvimbe au upele. Peleka maelezo hayo kituoni na uombe fomu ijazwe. Ukiona unazungushwa, mwone mganga mfawidhi, au nenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Kutoa taarifa si kupinga chanjo.

Na kwa ninyi wahudumu wenzangu mnaosoma safu hii: muulizeni mzazi anaporudi. Swali fupi tu, “Mara ya mwisho alikuwaje?” Yule mama hakuficha. Hakuulizwa.

Alirudi wiki iliyofuata, siku ya kliniki. Muuguzi aliandika habari ya degedege ile, ingawa miezi ilikuwa imepita. Mtoto alipimwa joto, akachomwa, wakakaa kwenye benchi nusu saa. Mama alipewa dawa ya homa na maelezo ya siku za kuwa macho, kuanzia ya tano hadi ya 12, pamoja na onyo kwamba akikakamaa tena aletwe usiku huo huo.

Siku ya 13 alinipigia simu. Mtoto alichemka kidogo siku ya saba, wakampima malaria zahanati ya jirani, hakuwa nayo, na homa ikashuka kesho yake. “Safari hii nililala, dokta,” alisema. Kisha akaniuliza kama mdogo wake, ambaye ana ujauzito wa miezi mitano na hajawahi kuchomwa pepopunda, bado ana muda. Nilimwambia anao, lakini aende wiki hii.